Kuwasha spula kila mtu anajua, kuzima ndo shughuli

Ukiingia ofisi yoyote yenye printa ukauliza nani anajua kurestati spula (ile huduma ya kompyuta inayopokea na kupanga foleni ya kuprinti) utapata mikono mingi tu, hata dada wa masjala ambaye hajasomea kompyuta popote anajua, unabonyeza kitufe cha Windows na R, unaandika services.msc, unashuka mpaka Print Spooler, unabonyeza kulia, Restart, kazi imeisha watu wanaendelea kuprinti. Sasa uliza nani anajua kuizima ikazimika kweli, isirudi yenyewe mtu akigeuka tu, na isiondoke na kazi za watu wengine walioko kwenye foleni. Hapo mikono inashuka.

Mimi nahudumia seva za kuprinti sehemu mbili, chuo kimoja kinachotumia Windows Server na programu ya kuhesabu karatasi juu yake, na stesheneri ya jamaa yangu karibu na chuo hichohicho ambayo kompyuta ya kaunta ni Ubuntu, aina ya Linux. Kadiri ninavyokaa na hivi vitu naona kabisa kuwasha huduma sio ujuzi, Windows na Linux zinawasha zenyewe bila kukuuliza. Kuzima ndo penye akili: uzime nini, nani anategemea hicho unachokizima, na ipi hata hukutakiwa kuwa nayo imewaka tangu umeinstolu mashine.

Kwa wageni kwanza. Unapobonyeza Print kwenye Word, Word haiongei na printa hata kidogo, inaikabidhi spula dokyumenti yako halafu inaendelea na mambo yake, kama abiria anavyompa konda nauli na habari za dereva hazimhusu. Spula ya Windows ni ile spoolsv.exe unayoiona kwenye Task Manager, na ikipokea kazi inaandika mafaili mawili kwenye folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS. Moja linaishia na .SPL, hilo ndo kazi yenyewe, lingine linaishia na .SHD, hilo lina maelezo ya nani katuma, kwenda printa gani, dokyumenti inaitwaje. Printa ikimaliza mafaili yanafutwa. Kwa hiyo ile foleni unayoiona kwenye skrini inatokana na kilichopo kwenye folda, na hapo ndo unaelewa kwanini saa nyingine unarestati weee na foleni iko vilevile: spula inaamka, inasoma folda ileile, inakuta faili bovu lilelile, inaganda palepale.

Dawa inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mafundi ni hii:

net stop spooler
del /Q /F %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler

Inafanya kazi, sikatai. Ila uangalie vizuri mstari wa katikati kabla hujagonga Enter, hiyo nyota nukta nyota maana yake futa kazi za kila mtu kwenye kila printa iliyoko kwenye hiyo seva. Kwenye laptop yako ya nyumbani hamna shida. Kwenye seva ya chuo wiki ya kuandaa mitihani, idara nzima imetuma vitu, wengine wametuma na wameshaondoka wanajua watakuta karatasi zao kwenye trei, halafu wewe unafagia zote kwa sababu ya PDF moja ya mtu mmoja, utapigiwa simu mpaka uzime na simu yenyewe.

Mimi ninavyofanya, nazima spula, nafungua folda, napanga kwa tarehe na naanza na .SPL la zamani kuliko yote. Mara nyingi mchawi ndo huyo, na mara nyingi utamjua kwa saizi, either ni kubwa la ajabu (mtu kaskani kitabu kizima kwa rangi halafu kaprinti) au lina KB sifuri kabisa. Nalihamisha hilo pamoja na .SHD lenye namba hiyohiyo, mfano 00017.SPL na 00017.SHD, nayaweka folda ya pembeni, nawasha. Wengine wote wanatoka. Nahamisha badala ya kufuta kwa sababu mwenye kazi akija juu angalau nina cha kumwonyesha, na pia kama sio lile naweza kulirudisha.

Na kabla ya yote hayo angalia kama kwenye properties za printa kuna mtu kaweka tiki kwenye Keep printed documents. Hiyo tiki ikiwepo mafaili hayafutwi baada ya kuprinti, folda inavimba taratibu, siku diski C ikijaa spula inagoma na utatafuta tatizo kwenye printa, kwenye kebo, kwenye draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa), kumbe nafasi imeisha. Kwa seva yenye kazi nyingi mimi huhamisha kabisa folda ya spula kwenda diski nyingine, iko kwenye Print Server Properties, tabu ya Advanced.

Sasa kuna kitu kinaitwa utegemezi na hapa ndo watu wengi wanajikata. Huduma za nyuma hazikai peke yake, spula inategemea RPC (huduma ya Windows inayoziwezesha programu kuitana) ili iamke, na kuna wengine wanaoitegemea spula. Andika sc qc spooler utaona inategemea nani, andika sc enumdepend spooler utaona nani anaitegemea. Kwenye kompyuta ya kawaida utakuta labda Fax tu na hakuna anayeijali. Kwenye seva yenye programu ya kuhesabu karatasi utakuta na ile programu imejifunga hapohapo, kwa sababu inabidi ione kila kazi inayopita ili imkate mwanafunzi salio lake.

Kilichotokea pale chuoni ni hivi. Kijana wa field alikuta foleni imeganda, akaandika net stop spooler, Windows ikamwambia kuna huduma nyingine zitazimwa pia, unaendelea? Akajibu Y kama ambavyo mtu yeyote angejibu, akasafisha folda, akaandika net start spooler, printa zikaanza kutema karatasi, watu wakampongeza. Shida ni kwamba net stop inazima huduma pamoja na wategemezi wake, lakini net start inawasha ile moja tu uliyoitaja. Wategemezi wanabaki wamelala. Kwa hiyo kuprinti kulikuwa kunaenda vizuri kuliko kawaida, hakuna anayekatwa salio, hakuna anayelalamika (nani alalamike?), mpaka siku mhasibu anafunga hesabu anauliza mbona mapato ya kuprinti yamekauka wakati karatasi zinaisha. Sikumlaumu dogo hata kidogo, Windows haikumwambia kitu chochote wakati wa kuwasha. Siku hizi pale nimewaambia kama lazima kurestati tumia kitufe cha Restart kwenye services.msc maana chenyewe kinawarudisha na wategemezi, na baada ya hapo angalia kwa macho yako kwamba ile huduma ya kuhesabu imeandikwa Running. Usiangalie karatasi. Karatasi zinatoka hata kama nusu ya mfumo imekufa.

Halafu hizi programu za kuhesabu zenyewe sio huduma moja. Chukua PaperCut ambayo vyuo vingi duniani vinaitumia: kuna Application Server ambayo ndo kichwa, ina database na ule ukurasa wa admin unaofungua kwenye poti 9191, halafu kuna Print Provider ambayo inakaa kwenye kila seva ya kuprinti inatazama foleni na kuripoti kichwani. Wewe mtu anakwambia imezimika, unamuuliza ipi? Ikizimika Application Server ukurasa haufunguki ila printa zinaweza kuendelea au kukataa kutegemea ulivyoseti, ikizimika Print Provider ukurasa unafunguka vizuri kabisa unaonekana mzima, kumbe hakuna kinachohesabiwa. Na ukitaka kufanya bakapu ya database kwa zile komandi za db-tools inabidi uzime Application Server kwanza, spula iache iendelee, haihusiki. Hii ndo maana ya kujua unazima nini.

Kitu kingine: kuanguka na kuganda ni magonjwa mawili tofauti. Pale kwenye properties za Print Spooler kuna tabu ya Recovery ambayo unaiambia Windows huduma ikianguka iiwashe tena, mara ya kwanza, ya pili, na zinazofuata. Vizuri, iweke. Lakini ikiganda haijaanguka, kwa macho ya Windows bado imeandikwa Running, hakuna wa kuiamsha. Na ukijaribu kuizima inakaa Stopping hapo mpaka unywe chai umalize. Hapo ndo inabidi utumie nguvu, taskkill /F /IM spoolsv.exe, halafu unarudi kuangalia wategemezi kama nilivyosema.

Na ikiwa inaanguka kila mara usifurahie kwamba Recovery inaiamsha. Nenda Event Viewer, pale Windows inapoandika matukio yake, kwenye System tafuta 7031 au 7034, hizo ni za huduma kufa ghafla, halafu nenda Application utafute tukio namba 1000 la spoolsv.exe la muda huohuo, pale penye faulting module mara nyingi utakuta jina la dll (faili la programu) la draiva ya printa fulani. Umempata. Tangu Windows 7 na Server 2008 R2 unaweza kuitenga draiva mbaya iendeshwe kwenye prosesi yake (PrintIsolationHost.exe) ili ikifa isife na spula nzima, unafanyia kwenye printmanagement.msc, upande wa Drivers, unachagua Isolated. Windows Home haina hiyo printmanagement, kwa hiyo wenye Home mtanisamehe. Na wakati uko huko kwenye Event Viewer washa ile logi ya PrintService, Operational, kwa kawaida inakuja imezimwa, ukiiwasha kila dokyumenti inayotoka inaandikwa kama tukio namba 307, nani kaprinti, printa gani, kurasa ngapi. Ofisi zinazogombana kuhusu nani kamaliza rimu zitakushukuru.

Tuje Linux, na hapa kuzima kunachekesha zaidi. Kwenye Ubuntu na ndugu zake kinachoprinti ni CUPS, kaanza nayo Michael Sweet miaka ya 90, Apple wakaichukua 2007, na saivi maendeleo yake mengi yako kwa mradi wa OpenPrinting. Huduma yake ni cupsd, inasikiliza poti 631. Unataka kuizima, unaandika sudo systemctl stop cups, inakubali, halafu inakupa onyo ambalo watu wengi hawalisomi, kwamba cups.service imezimwa lakini bado inaweza kuamshwa na cups.socket na cups.path. Haikutanii. Mtu akibonyeza Print tu ile soketi (mlango ambao mfumo unausikiliza kwa niaba ya cups) inapokea, inaiamsha cupsd, na wewe uliyedhani umezima ili ubadilishe kitu kwenye mafaili ya /etc/cups unashangaa printa inanguruma nyuma yako. Ukitaka kuzima kweli:

sudo systemctl stop cups.socket cups.path cups.service

zote kwa mkupuo. Na ukitaka isirudi hata kompyuta ikiwashwa upya, disable hizo zote pia, usisahau na cups-browsed ambayo nitaisema huko chini, kwa sababu hiyo ikiwashwa inaivuta cups nayo iamke.

Kuna upande wa pili wa hiyo hadithi. Kwa vile soketi ipo, cupsd yenyewe inaweza kujizima ikikaa bila kazi, kuna seting inaitwa IdleExitTimeout, kwa hiyo usipate presha ukiona cups.service imeandikwa inactive kwenye kompyuta ambayo inaprinti vizuri tu. Nimeona mtu anaandika skripti ya kuchungulia kila dakika kama cups iko active na kama haiko aiwashe, yaani anapigana na mfumo uliotengenezwa makusudi upumzike.

Lakini mara nyingi kwenye Linux huna hata sababu ya kugusa huduma nzima. Printa moja ina shida, ishughulikie hiyohiyo. Pale stesheneri kuna printa mbili, moja ya nyeusi na nyeupe inayobeba mzigo wote wa noti na asaimenti, nyingine ya rangi ya vyeti na kadi za harusi. Ya kwanza ikiishiwa tona siizimi cups. Kuna komandi mbili ambazo watu wanazichanganya: cupsreject inafunga mlango, kazi mpya hazipokelewi, cupsdisable inaacha mlango wazi, kazi zinapokelewa zinapanga foleni ila hazitumwi kwa printa. Kubadilisha tona unataka hiyo ya pili, wateja wanaendelea kutuma, ukimaliza unafanya cupsenable zinatoka zote. Printa ikienda kwa fundi siku kadhaa unataka zote mbili, halafu zile zilizokwama unazihamishia kwa mwenzake, lpmove nyeusi rangi, hapo nyeusi na rangi ni majina tuliyozipa. Japo fanya hivyo ukijua wino wa rangi bei yake. Ukitaka kuona hali ya kila kitu kwa pamoja, lpstat -t, hiyo iandike popote.

Na umeme. Bila kuzungumzia umeme hii posti itakuwa imeandikiwa watu wa Ulaya. Umeme ukikatika katikati ya kazi, seva iko kwenye UPS inaendelea, printa haiko kwenye UPS (laser usiiweke kwenye UPS ndogo, ikianza kupasha joto itaiangusha), cupsd inajaribu kutuma, inashindwa, na kama sera ya makosa ya hiyo printa ni stop-printer basi inaisimamisha foleni na kuiacha hivyo. Umeme unarudi, printa inawaka taa ya kijani, mtu anaprinti, kimya. Anawasha anazima printa, kimya. Printa haina kosa lolote, foleni ndo imesimamishwa na hakuna aliyeiambia iendelee. Kwetu huku mimi hubadilisha moja kwa moja:

sudo lpadmin -p nyeusi -o printer-error-policy=retry-job

sasa inakuwa inajaribu tena yenyewe.

Ila hiyo nayo ina lake. Foleni inayojaribu tena yenyewe maana yake umeme ukirudi usiku saa nne printa inaamka na kuanza kutema kila kilichokuwa kimesubiri, ofisi haina mtu, asubuhi anayefungua ofisi wa kwanza anakuta payslip za watu zimelala kwenye trei. Au mtihani. Kwa hiyo printa ya idara ya mitihani na ya uhasibu siziwekei retry-job, hizo zisimame, mtu aje aziruhusu akiwa amesimama mbele ya printa. Usumbufu ni sawa tu pale.

Na tukiwa kwenye mitihani, kuna kitu CUPS inafanya ambacho walimu hawakijui kabisa. Kazi ikishaprintiwa faili halifutwi palepale, kuna seting inaitwa PreserveJobFiles na kawaida yake ni sekunde 86400, yaani siku nzima faili la ule mtihani limekaa kwenye /var/spool/cups, na mwenye nguvu za root (msimamizi mkuu) kwenye hiyo mashine anaweza kulifungua au kuliprinti upya. Kwa stesheneri ni neema, mteja karatasi ikijikunja unaitoa tena bila kumwomba flash. Kwa seva ya mitihani weka PreserveJobFiles No kwenye cupsd.conf, kazi ikiisha faili linaondoka. Utapoteza uwezo wa kuprinti upya, basi, mwalimu atume tena.

Sasa ile sehemu ya huduma ambazo hukutakiwa kuwa nazo zimewaka. Spula ya Windows inakimbia kama SYSTEM, yaani ruhusa za juu kabisa, na inakuja imewashwa kwenye kila Windows hata ambayo haijawahi kuona printa. Wezi wanalijua hilo zamani sana. Stuxnet, yule mdudu aliyeenda kuharibu mashinepewa (centrifuge) za nyuklia kule Iran, mojawapo ya njia zake za kusambaa ilikuwa tundu la spula ambalo Microsoft waliliziba Septemba 2010. Halafu 2021 ikaja PrintNightmare, ambapo mtu mwenye akaunti ya kawaida tu kwenye mtandao wenu angeweza kuisukumia spula draiva yake ya uongo na kuendesha anachotaka kama SYSTEM, Microsoft wakatoa kiraka cha dharura Julai bila kusubiri ratiba yao ya kila mwezi, mpaka Windows 7 iliyokuwa imeshazikwa ikapewa. Agosti mwaka huohuo wakabana zaidi, kuinstolu draiva ya printa ikahitaji admin, na mafundi wote mnakumbuka simu zilivyoanza kumiminika za watu ambao printa za mtandao zimewagomea ghafla.

Sasa domain controller ya kwenu (seva inayosimamia akaunti za watu kwenye mtandao) inaprinti nini? Ile seva ya database? Kompyuta ya CCTV? Hakuna kitu. Microsoft wenyewe wanasema kwenye domain controller spula izimwe. Ni mistari miwili ya PowerShell:

Stop-Service Spooler -Force
Set-Service Spooler -StartupType Disabled

Ule wa pili ndo wenye maana, bila huo mashine ikiwaka upya spula inarudi kama hakuna kilichotokea. Na ile Force inazima hata wategemezi bila kukuuliza, kwa hiyo chungulia sc enumdepend kwanza.

Linux nao wasicheke. Septemba 2024 mtafiti Mwitaliano, Simone Margaritelli, alianika matundu ya cups-browsed, ile huduma ndogo inayotafuta printa za jirani kwenye mtandao na kukuongezea zenyewe. Ilikuwa inasikiliza poti 631 ya UDP kutoka kwa mtu yeyote, inaamini anachosema, kwa hiyo mtu angeweza kukuongezea printa feki na siku ukiprinti kwa hiyo printa komandi zake zinaendeshwa kwenye mashine yako. Viraka vilitoka, ila swali langu ni lilelile, kaunta ya stesheneri yenye printa mbili zilizochomekwa kwa kebo ya USB inatafuta printa gani za jirani? Niliizima na kuidisable siku hiyohiyo na hakuna mteja aliyejua.

Na PaperCut nao mwaka 2023 walikuwa na tundu lao kwenye Application Server, mtu asiye na akaunti anaruka login ya admin na kuendesha anachotaka. Kiraka kilitoka Machi, Aprili watu wakaanza kushambuliwa, Mei FBI na CISA (wakala wa usalama wa mtandao) wa Marekani wakatoa tahadhari kwamba genge la ransomware (wanaofunga mafaili ya watu na kudai pesa) la Bl00dy limeingia mashirika ya elimu kwa njia hiyo. Waliopigwa ni wale ambao seva yao ilikuwa haijapigwa kiraka na ukurasa wake unafikika kutoka intaneti. Poti 9191 haina biashara yoyote kuonekana nje ya chuo. Na kiraka kinahitaji uzime Application Server kwa muda, watu wanaahirisha kwa sababu wanaogopa kuzima, si unaona tunarudi palepale. Panga Jumamosi jioni, tangaza, zima kile kimoja, piga kiraka, washa, hakikisha Print Provider inaongea nacho, nenda nyumbani.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu ile Windows protected print mode iliyokuja na Windows 11 toleo la 24H2, inayoondoa draiva za makampuni na kuifanya spula ifanye sehemu kubwa ya kazi kwa ruhusa ndogo. Ni kitu kizuri sana na CUPS nao wanaelekea hukohuko kwa kutumia IPP (lugha ya pamoja ya kuprinti kwenye mtandao) bila draiva. Ila inataka printa inayojua kuongea hizo lugha mpya, na printa nyingi za mtaani kwetu ni zile laser za zamani zilizokuja mtumba ambazo bila draiva yake maalum hazijui hata A. Chuoni nimewasha kwenye kompyuta za maktaba ambako printa ni mpya. Stesheneri bado, labda ile nyeusi ikifa.